Shuka la Nyumba ya Akonaay

"We dada, unanunua au unachoma?"

Paskalina aliizima njiti ya kiberiti haraka, lakini muuza mitumba alikuwa ameshaona. Alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu, amesimama katikati ya rundo lake kama mtu aliyeingia mtoni hadi magotini. Aliinua mguu mmoja, akainua wa pili, akaja.

"Sichomi nguo, kaka. Ni uzi tu nimeuchomoa kwenye pindo."

"Na nguo ni nini kama si nyuzi?" Akawageukia wanawake waliokuwa wameinama wakichambua. "Jamani, mwoneni huyu! Wenzake wanapima kwa rula, yeye anapima kwa moto!"

Wanawake wakacheka. Paskalina hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa anaangalia ncha ya ule uzi. Ulikuwa umejikunja ukawa kidonge cheusi kigumu, kama kichwa cha kupe. Hiyo ilikuwa plastiki. Pamba haifanyi hivyo. Pamba huungua kama karatasi, ikabaki jivu jepesi ambalo ukilipuliza halipo. Alilikunja lile shuka vizuri zaidi ya lilivyokuwa, akalirudisha juu ya rundo.

Tangu asubuhi alikuwa ameupita mnada wote wa Katesh, rundo kwa rundo. Tangu serikali iruhusu mitumba, nguo zilikuwa nyingi kuliko watu. Zilikuwapo suruali za watu warefu ambao hakuna aliyewahi kuwaona, makoti ya baridi isiyofika Hanang, mapazia, hata nguo za kuogelea. Pamba tupu haikuwapo. Kila alipochomoa uzi na kuuchoma, kichwa cha kupe.

"Unatafuta nini hasa, mama?" aliuliza mwanamke mmoja mtu mzima, akimwangalia tumbo. "Nepi za mtoto?"

"Shikamoo. Hapana, mama. Natafuta kitambaa cha pamba, cheupe, kikuukuu. Kilichofuliwa mpaka kimechoka."

"Cha nini sasa?"

"Cha gitaa."

Muuza mitumba alishika kiuno. "Mungu wangu! Gitaa linavaa nepi!"

Kicheko kilimsindikiza hadi barabara ya Singida, mahali gari za kijijini kwao Gehandu zinapopakia.

* * *

Mume wake, Modest Margwe, alikuwa kwenye kibanda chake cha bati akikwangua gitaa kwa kipande cha kioo. Uso wa gitaa lile ulikuwa wa mwerezi, mgongo wa mninga, na shingo aliichonga mwezi mzima. Sauti yake ilikuwa nzuri. Kuhusu sauti hakuna aliyebisha. Kilichoharibika ni ngozi, mpako wa juu.

"Umepata?"

"Sijapata."

Akaendelea kukwangua. Unga mwekundu ulimwangukia kwenye magoti.

Kupaka gitaa rangi ya kung'aa ilikuwa kazi ya Paskalina, kwa sababu Modest hana subira nayo. Shelaki ni magamba makavu ya rangi ya asali. Unayaloweka kwenye spiriti mpaka yayeyuke, kisha unayapaka kwa kifundo. Ndani ya kifundo ni sufu, nje ni kitambaa kimoja kilichovutwa kisiwe na kunyanzi. Unapitisha mviringo, unapitisha kama namba nane, na husimami hata kidogo, maana ukisimama kifundo kinagandia na kung'oa kila kitu. Mara mia, mara mia mbili, siku baada ya siku, tabaka nyembamba kama pumzi. Hapo ndipo kitambaa kinapokuwa bwana. Cha plastiki hakinywi, kinaburuza. Khanga mpya ina wanga, na rangi yake spiriti inaitoa, gitaa linakuwa kama mtu aliyetoka kuchinja. Fulana inatoa manyoya.

Mara ya kwanza alitumia fulana. Alidhani ni pamba, kumbe ilikuwa mchanganyiko, na manyoya yakaganda ndani ya shelaki pale begani kwa gitaa. Mwalimu Joakimu wa kwaya, aliyeliagiza, alikuja kuliangalia pamoja na wasichana wawili wa sauti ya kwanza. Alipitisha kidole, akakinusa, akasema, "Fundi, hili gitaa ni la mbao au la mbuzi?"

Wasichana walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Mimi nataka kumpa kazi mtu wa kwetu," Joakimu akaendelea. "Lakini kule Arusha kuna magitaa ya Mchina, yanang'aa kama kioo cha gari, na bei haijapishana. Askofu anakuja kwa Kipaimara. Siwezi kumwimbia askofu na mbuzi. Nakupa mpaka Jumamosi ya wiki ijayo."

Tangu siku hiyo Modest alikuwa anakwangua, na Paskalina anatafuta kitambaa.

"Alfredi amepita," Modest alisema bila kuinua kichwa. Alfredi alikuwa mtoto wa baba yake mdogo, mchimbaji wa Mererani. "Anarudi machimboni baada ya wiki mbili. Anasema shimo lao limekaribia mawe."

"Limekaribia tangu mwaka juzi."

"Mimi nakwambia alichosema." Akapuliza unga. "Kwaya wakilichukua hili, nakaa. Watu wa kwaya ya Nambis wanasubiri kuona la kwetu, wao wanataka mawili. Nikiwa na matatu mkononi sina sababu ya kwenda popote. Wakilikataa, namfuata Alfredi."

"Na huyu?" Paskalina alishika tumbo. Lilikuwa la miezi sita.

"Huyu atakula nini, shelaki?"

Paskalina alimjua mtoto wa jirani aliyeshuka kwenye mashimo ya Mererani kwa kamba na ambaye kamba ilipanda bila yeye. Alijua pia kwamba mume wake akienda hatarudi na mawe. Atarudi na kikohozi, au atatuma salamu, kisha hata salamu zitakatika.

Mama mkwe wake, Kornelia, alikuwa mlangoni akipukuchua mahindi. Alikuwa amesikia yote.

"Pamba tupu mtaitoa wapi siku hizi?" alisema. "Zamani kule nyumba ya wageni ya shamba la ngano kulikuwa na mashuka, we! Meupe, laini, ukililalia unasikia umelala juu ya maji. Akonaay ndiye aliyekuwa anayafua. Miaka yote ile anayafua. Shamba lilipofungwa wakamgawia mashuka, ndiyo mafao yake hayo..." Akanyamaza ghafla, akafanya ishara ya msalaba, akatikisa vidole pembeni kama mtu aliyeshika kitu kibichi. "Mungu anisamehe. Jina limenitoka."

Akonaay alikuwa amekufa baada ya Pasaka, kwa homa ya siku chache. Na kwa Wairaqw nyumba iliyofiwa hivyo inakaa pembeni. Wenyewe huita metimani. Mjane haendi kisimani na wengine, haazimi moto, haazimi jembe, hamgusi mtu, na kitu cha nyumba yake hakitoki kuingia nyumba nyingine mpaka wazee waseme imetosha. Asiyefuata anabeba kifo cha watu na kukipeleka kwake, na kikifika kinaanza na matumbo ya wanawake. Padri alishahubiri mara nyingi kwamba huo ni ushirikina. Watu waliitika amina, kisha wakarudi nyumbani kwa njia ya mbali ili wasipite mbele ya nyumba ya Genoveva, mjane wa Akonaay.

* * *

Paskalina alikwenda saa ya watu kuwa mashambani. Alisimama nje ya ua wa minyaa.

"Hodi, mama."

Genoveva alitoka akiwa na kichwa kilichonyolewa, khanga moja kiunoni na nyingine mabegani. Alipoona nani kasimama, aliinua mikono yote miwili.

"Simama hapo hapo! Usivuke! Una mimba wewe, nani kakutuma?"

"Sijatumwa. Shikamoo, mama."

Genoveva alishusha mikono polepole. "Marahaba," alisema. Kisha akasema tena, "Marahaba, mwanangu. Hiyo ni shikamoo ya kwanza tangu waninyoe. Watoto wa hapo jirani wakiniona wanakimbia kama wameona fisi, na mama zao wanawasifu." Akakaa kwenye kigogo, mbali. "Haya, sema. Huku hakuna mtu anayekuja bure."

"Nataka shuka."

"Unataka nini?"

"Shuka la shamba la ngano. La pamba. Kama limebaki."

Genoveva alicheka, kicheko kikavu kilichomshangaza mwenyewe. "Watu wanakimbia hata moshi wa jiko langu, wewe unataka shuka!"

Paskalina alimweleza. Alieleza shelaki na manyoya, Joakimu na mbuzi wake, Alfredi na Mererani. Alieleza kwa maneno machache, maana hakuwa mtu wa maneno. Genoveva alisikiliza huku anachora chini kwa kidole cha mguu. Mwishoni aliinuka, akaingia ndani, akakaa huko muda. Alipotoka alikuwa ameshika shuka lililokunjwa, weupe wake ukiumiza macho kwenye jua.

"Hili hakulilalia. Sikiliza vizuri. Alilolalia tulimzika nalo. Hili lilikuwa sandukuni tangu shamba lifungwe. Lakini ukiwaambia hivyo, watasikia?"

"Hawatasikia."

"Basi usiwaambie. Ufunge mdomo wako kama ulivyozoea."

Alikuja mpaka kwenye minyaa, akalitundika, akarudi nyuma hatua nyingi ili mikono yao isikutane. Paskalina alichomoa uzi pindoni, akawasha njiti. Uzi uliwaka kama karatasi. Jivu lilikaa kwenye kucha yake kidogo, upepo ukalichukua.

"Nikupe nini, mama?"

Genoveva alifikiri. "Nina kila kitu," alisema. "Sina wa kumwambia."

* * *

Alilichemsha kwa sabuni ya mche, mara mbili, akalianika ndani ya chumba badala ya kamba ya nje. Kisha akachana kipande cha ukubwa wa kichwa cha mtoto. Kilichanika kwa mlio mmoja, mstari ulionyooka, bila hata uzi mmoja kuning'inia.

Modest aliingia akakikuta juu ya meza. Alikishika. Alikisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Hakikuwa kitambaa cha mnadani na yeye hakuwa mtoto. Kisha akachukua patasi yake, akatoka kwenda kuinoa.

Paskalina alisubiri kama angerudi kuuliza. Hakurudi. Akaweka sufu katikati ya kipande, akavuta pembe nne, akazipota nyuma mpaka upande wa mbele ukawa laini kama shavu. Akamimina shelaki ndani, akakipiga kifundo kwenye kiganja. Kililowa taratibu, sawasawa. Akatia tone moja la mafuta ya alizeti, akaanza.

Kwa wiki moja alikuwa mtu mwenye furaha. Kifundo kilitua na kuondoka kama mbayuwayu anavyokunywa maji bila kusimama. Siku ya kwanza mbao ililowa tu. Siku ya tatu ilianza kuwa na kina, kama kisima unapoanza kuona chini. Siku ya tano dirisha la kibanda lilionekana mgongoni mwa gitaa, na kwenye dirisha lile kilele cha Mlima Hanang kimekaa na wingu lake. Modest alipita akaona, akasimama nyuma yake. Akamwekea mkono begani, jambo ambalo hakulifanya tangu mvua zianze.

"Nambis tutawapelekea la mninga mtupu," alisema. "Uso mpaka mgongo."

"Mninga mtupu utakuwa mzito."

"Wao ni watu wa milimani. Wamezoea kubeba."

Wakacheka wote wawili. Kornelia, kule mlangoni, aliguna kwa kuridhika, maana nyumba ambayo watu wanacheka mwana wa kiume haikimbii.

* * *

Jumamosi Joakimu alikuja na watu wanne wa kamati ya kwaya. Mmoja wao alikuwa Letisia, kiongozi wa sauti ya kwanza, mwanamke wa maneno makali na macho makali zaidi.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina. Karibuni, karibuni ndani."

Modest alilifunua gitaa. Joakimu aliinama, akaona uso wake, akarudi nyuma, akainama tena.

"Jamani, nimejiona meno!" alisema. "Mpaka lile lililooza!"

Walilipokezana. Joakimu alilikumbatia, akapiga chodi moja, nyingine, akaimba nusu ya ubeti wa wimbo wa mapokezi ya askofu, na wenzake wakapokea. Kibanda cha bati kikatetemeka kwa sauti. Paskalina alisimama pembeni na birika la chai, mikono yake ikiwa na madoa ya kahawia hadi kwenye vifundo vya mikono.

"Fundi, nisamehe ule utani wa mbuzi," Joakimu alisema. "La Arusha halilifikii hili. Umelifanyaje?"

"Mimi nilichonga tu," Modest alijibu. "Ngozi ni ya mke wangu."

Wote wakamgeukia. Katika maisha yake Paskalina alikuwa amesifiwa kwa kuwa mpole, kwa kuamka mapema, kwa kutojibu. Hakuna aliyewahi kumgeukia akiwa na mshangao ule usoni kwa ajili ya kitu alichokitengeneza.

"Mama, una mikono!" alisema Joakimu. "Hebu tuambie siri. Ni dawa gani?"

"Si dawa, mwalimu. Na wala si mikono." Akaweka birika chini. Maneno yalikuja yenyewe, yakasukumana kama mbuzi waliofunguliwa zizi. "Ni kitambaa. Watu wanadhani kitambaa chochote kinafaa, kumbe kitambaa ndicho kila kitu. Cha plastiki kinaburuza. Fulana inaacha manyoya, wenyewe mliona. Shelaki inataka pamba tupu iliyofuliwa miaka na miaka mpaka haina tena kitu cha kutoa. Kama yale mashuka ya nyumba ya wageni ya shamba la ngano. Yale hayana mfano. Yananywa polepole, halafu..."

Modest alikohoa. Alikuwa amechelewa.

"Mashuka ya shamba la ngano," alirudia Letisia. "Na nani hapa Gehandu ana mashuka ya shamba la ngano?"

Nje kuku alikuwa akitangaza yai lake.

Joakimu alikuwa bado amelikumbatia gitaa. Alilishusha taratibu sana, akaliweka mezani kwa ncha za vidole. Kisha akajifuta viganja kwenye suruali, mara moja, na alipogundua anatazamwa akaviingiza mfukoni.

"Chai imeiva," Modest alisema. "Kaeni mnywe chai."

"Tumekunywa," alisema Letisia. "Tumekunywa njiani."

"Tutalichukua kesho," Joakimu alisema. "Baada ya misa. Kesho, fundi."

Walitoka mmoja mmoja. Kikombe kimoja kilikuwa kimeshamiminwa, na kikabaki pale kikitoa mvuke.

* * *

Kesho yake hawakuja. Jumatatu Joakimu alisimama njiani, mbele ya nyumba, akaita. Modest alimwambia aingie. Alisema ana haraka.

"Kamati ilikaa," alisema, akiangalia miguu yake. "Wameona tuchukue la dukani. La dukani lina karatasi yake, likiharibika unalirudisha."

"La kwangu likiharibika unanirudishia mimi. Ni hatua mia tatu hapo."

"Ndiyo. Lakini pia kuna waliosema sauti ni ndogo."

"Jumamosi sauti ilikuwa kubwa, mwalimu. Bati lilicheza."

Joakimu alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo maana ilichukua muda mrefu.

"Modest, sisi ni Wakristo. Mimi binafsi sina neno. Ningelichukua leo, ningelipiga leo. Lakini watoto wa kwaya wana mama zao. Letisia ana binti aliyeolewa juzi. Wameniambia ukilileta hilo kanisani, sisi hatuji. Nitamwimbia askofu na nani?"

"Shuka lilikuwa sandukuni," alisema Paskalina kutoka mlangoni. "Hakulilalia. Nililichemsha mara mbili."

Joakimu aliinua uso akamwangalia kwa huruma halisi, na akarudi nyuma hatua moja.

"Najua, mama," alisema. "Najua."

* * *

Kilichofuata kilikuja bila kelele. Asubuhi ya Jumanne jirani aliyekuwa ameazima ungo aliuacha njiani badala ya kuuingiza ndani. Kisimani wanawake walimwachia nafasi Paskalina, wakampisha achote kwanza, kwa adabu, huku wameshika ndoo zao vifuani. Mzee wa ukoo alituma neno kwamba nyumba ya Modest nayo ikae pembeni, na kwamba siku za Genoveva, ambazo zilikuwa zimebaki kidogo, zianze kuhesabiwa upya kwa kuwa ametoa kitu nje.

Kornelia alifunga mzigo wake siku hiyo hiyo. Alikuwa na binti aliyeolewa Nambis.

"Mimi sina ugomvi na wewe," alimwambia Paskalina, akikaza fundo kwa meno. "Lakini siwezi kunywa uji wa nyumba hii. Nimezika wanangu watatu. Unajua maana yake kuzika watatu? Huwezi kunifundisha pamba."

"Mama, nilitaka Modest abaki."

"Wote tulitaka abaki." Akajitwika mzigo. "Na hilo tumbo lako. Mwana wa mwanangu. Ulikwenda nalo mpaka kwenye ua ule." Alimwinulia mkwewe mkono kama anayetaka kumgusa shavu, akabadili njia angani, akashika kamba ya mzigo.

Modest alilipeleka gitaa Katesh. Mtu wa kwanza aliyelipenda aliambiwa neno sikioni na mwingine aliyetoka Gehandu, akalirudisha. Jioni alimpata dereva wa lori la alizeti, mgeni wa Singida, asiyemjua mtu. Dereva aliuliza mbona bei imeshuka hivyo. Modest akasema ana safari. Pesa ilitosha nauli ya kufika Mererani, na kilo chache za unga wa kuacha nyumbani.

"Ungeniuliza ningekwambia," Paskalina alisema usiku ule, akimkunjia suruali. "Ulikishika mkononi. Ungeniuliza tu kimetoka wapi."

"Ndiyo maana sikuuliza," Modest alisema.

Paskalina alisubiri amlaumu. Angemlaumu angepata mahali pa kushika, angejibu, wangegombana mpaka kuche, na pengine kwenye ugomvi angesema asiende. Lakini Modest aliendelea kufunga patasi zake kwenye gunia, moja moja, kama mtu anayelaza watoto. Alizisukuma chini ya kitanda. Kule Mererani hazihitajiki.

* * *

Landirova ya kwenda Katesh ilipakia mapema, penye duka. Alfredi alikuwa ameshatangulia kwa gari la jana. Alisema anakwenda kumwandalia mahali pa kulala, na alisema hivyo akiwa amesimama mbali. Paskalina alimsindikiza mume wake mpaka pale, akibaki ng'ambo ya barabara kama ilivyompasa.

Utingo alikuwa anapiga kelele. "Sogeeni! Hii gari ya watu ishirini! Mama weka kuku miguuni, kuku hana nauli! Sogeeni huko nyuma!"

Watu walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, wengine wameketi juu ya magunia, vijana wamening'inia mlangoni kwa mkono mmoja. Modest alipanda. Alisema "Habari za asubuhi," na watu wakaitika, maana salamu ni salamu. Mzee mmoja alijisogeza. Mama mwenye kuku akajisogeza. Msichana aliyekuwa pembeni aliinuka kabisa, akaenda kukaa kwenye mapaja ya dada yake.

"Haya, si mnaona?" utingo alifurahi. Hakuwa mtu wa huku. "Kumbe nafasi ipo! Mlikuwa mnanibishia nini?"

Gari likaondoka. Kupitia turubai lililofunguliwa nyuma, Paskalina aliwaona watu wakibanana mabega kwa mabega, magoti kwa magoti, mtoto kashikwa juu ya kichwa ili apate hewa. Na katikati yao akamwona Modest, amekaa peke yake kwenye benchi la watu watatu, mikono yake juu ya mapaja, amenyooka kama mtu aliyepewa heshima.